Munganga Becker wa Oicha

Tunapowaombea wauguzi wetu hapa Miti, tunamkumbuka pia Munganga Carl Becker.

Alizaliwa Marekani mwaka 1894, akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1922. Katika mji mdogo wa Boyertown, Pennsylvania, alipata wagonjwa wengi na mapato mazuri. Mwaka 1929 aliyaacha, akaja Kongo na mke wake Marie pamoja na watoto wao.

Huko Oicha, kando ya msitu wa Ituri, alijenga hospitali. Wenye ukoma, waliokataliwa na jamaa zao, walipata makao kwa maelfu. Upasuaji ulijaza siku zake. Nafasi iliyobaki aliitumia kuhubiri Injili vijijini.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulimfukuza hadi Uganda. Alikuwa na miaka 70, umri wa kupumzika. Lakini alirudi, na huko Nyankunde misheni kadhaa ziliungana naye kuwafundisha Wakongo kazi ya uuguzi. Alifariki mwaka 1990.

Mwaka 2002 vita viliharibu Nyankunde. Wauguzi waliookoka walitembea hadi Oicha, wakaendelea kutibu.

Na sisi, kazi tuliyopewa tunamfundisha nani?