Lord Delamere: Bwana wa Njoro na Soysambu

Nilipokwenda Nakuru nilifikia Bondeni, mtaa mkongwe wa Waislamu wa mji ule. Jina tu lilinituliza moyo, maana Mombasa nako tuna Bondeni yetu. Baada ya sala ya Alasiri tuliketi barazani, mwenyeji wangu akamtuma mjukuu wake dukani akalete maziwa ya chai. Mtoto akarudi na pakiti iliyoandikwa Delamere. Nilimwuliza kama anamjua mwenye jina hilo. Alinitazama kama anayemtazama mgeni asiyejua kitu, akanijibu kuwa hayo ni maziwa.

Basi wasomaji wangu, nimeona niwaeleze habari za mtu huyo, kwa sababu amekwisha kufa siku nyingi, na jina limebaki kwenye pakiti.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870, katika ukoo wa mabwana wenye ardhi huko Cheshire. Mwaka 1887 baba yake alifariki, na yeye, kijana wa miaka 17, akarithi cheo akawa Lord Delamere wa tatu. Mali alikuwa nayo, subira hakuwa nayo. Mwaka 1891 alivuka bahari akaja kuwinda simba nchi ya Wasomali, na baada ya hapo akawa harudi kwao ila kwa kukumbuka.

Huko Usomali, mwaka 1894, simba alimwangusha akamtafuna mguu. Aliyemwokoa ni mchukuzi wake wa bunduki, Msomali aitwaye Abdullah Ashur, ambaye alimrukia simba mikono mitupu mpaka bwana wake akaiwahi bunduki. Delamere alichechemea maisha yake yote. Mimi kila nisomapo habari za walowezi humtafuta mtu kama Abdullah, naye mara nyingi hupewa mstari mmoja tu kisha akasahauliwa. Bila ya mstari huo mmoja, habari yote inayofuata isingalikuwako.

Mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya ngamia kutoka Berbera kupitia Uhabeshi, aliteremka Baringo akapanda Laikipia. Mtu aliyetoka katika jua la jangwani akaona majani mabichi, mito na baridi ya asubuhi kama ya kwao. Nchi ile ilimwingia moyoni. Ilikuwa malisho ya Wamaasai, ambao miaka michache kabla walikuwa wamepukutika kwa sotoka ya ng'ombe, ndui na vita vya wao kwa wao. Mgeni aliyepita wakati ule angeweza kudhani nchi haina mwenyewe.

Reli nayo ikaja. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na ziwa Nyanza mwaka 1901. Iliigharimu Uingereza zaidi ya paundi milioni 5, na Sir Charles Eliot, kamishna wa wakati huo, aliona njia ya kuzirudisha fedha hizo ni kuwaita Wazungu waje walime kandokando ya reli. Delamere hakuhitaji kuitwa mara mbili. Mwaka 1903 alihamia moja kwa moja yeye na mkewe, Lady Florence. Aliomba ardhi Laikipia, akakataliwa kwa kuwa ni mbali mno. Akaomba upande wa Naivasha, akakataliwa kwa kuhofia ugomvi na Wamaasai. Mara ya tatu akapewa Njoro, ekari 100,000 kwa miaka 99, kodi yake paundi 200 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: paundi moja kwa kila ekari mia tano. Sisi wa pwani, ambao tumekwenda kortini miaka na miaka kwa ajili ya shamba la minazi ishirini, hesabu hiyo inatuingia upesi.

Lakini Njoro ilimtia adabu. Alileta kondoo wa kizungu wenye sufu nzuri, wakakonda katikati ya majani mengi, wakafa. Ardhi ile ilikuwa na upungufu wa madini mwilini mwake, na ugonjwa huo wataalamu baadaye wakauita kwa jina la mji wa Nakuru. Wamaasai walikuwa wakiyapitia mbali malisho yale. Ng'ombe nao wakaangamia kwa maradhi. Akageukia ngano, ikaliwa na kutu. Hapo ndipo alipoonyesha ubora wake, na haki ya mtu haifichwi: aliajiri mtaalamu wa mbegu kwa fedha zake mwenyewe, akajaribu ngano hii na ile mpaka ikapatikana inayostahimili kutu. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Mali ya kwao Uingereza aliiweka rehani.

Kilichomwinua ni Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, na Soysambu haiwezi kuelezwa bila ya mkataba wa mwaka 1904. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Olonana na wazee wenzake waliwekewa karatasi ya kukubali kuondoka Bonde la Ufa, Nakuru, Elmenteita na Naivasha, wagawanyike wengine kaskazini Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kuwa huko watakaa muda wote kabila lao litakapokuwa hai. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakafukuzwa wahamie kusini, wazee na watoto, na mifugo kwa malaki, ikifa njiani kwa baridi na njaa. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake walikwenda kortini mwaka 1913. Korti ikasema Wamaasai ni kama dola ya kigeni iliyofunga mkataba na dola nyingine, kwa hiyo hakimu hana la kuamua. Dola gani hiyo isiyoruhusiwa kulala kwenye malisho yake?

Ajabu ya Delamere ni kuwa Wamaasai aliwapenda. Alikuwa akisema lugha yao, akiwapa kazi ya kuchunga ng'ombe wake, akikesha nao akizungumza, na walipomwibia ng'ombe alikuwa mwepesi wa kusamehe. Wala sidhani alikuwa mnafiki. Lakini alipofika mbele ya Tume ya Kazi ya mwaka 1912, yeye kiongozi wa walowezi, shauri lake lilikuwa kwamba Mwafrika akibaki na ardhi ya kumtosha hatakuja kufanya kazi ya kibarua, basi maeneo ya wenyeji yapunguzwe. Alipenda watu, na akapenda zaidi wasiwe na pa kwenda. Baadaye kikaja kipande cha kuvaa shingoni, na watu waliokosa ardhi wakamiminika mashambani na mijini.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika siasa, akiwapinga Wahindi na serikali ya London, akitaka nchi itawaliwe na walowezi. Hakufaulu. Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiacha deni la benki la paundi 500,000, akazikwa Soysambu. Nairobi walimjengea sanamu katika barabara yenye jina lake. Mwaka 1963 sanamu iliondolewa ikapelekwa Soysambu, na barabara ikawa ya Kenyatta.

Niliondoka Bondeni asubuhi. Gari lilipofika Elmenteita, abiria mmoja alinionyesha kilima ng'ambo ya ziwa kinachofanana na uso wa mtu aliyelala chali. Walowezi walikiita Pua ya Delamere. Yeye, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akienda Narok, alisema kwao huitwa moran aliyelala.