Bakhita, Mama wa Mlangoni

Tulipokaa kupanga kurasa za kijitabu hiki tulibishana sana picha ya nani ikae mbele. Viongozi wapo, wafadhili wapo. Lakini wapo pia wale wanaofika saa nzima kabla ya kikao wakafagia na kutandika mikeka, na majina yao hayamo kwenye kumbukumbu zetu hata mara moja. Basi tukakubaliana ukurasa huu tumpe mama ambaye hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wauza watumwa, akatembezwa mwendo mrefu kwa miguu, akauzwa na kuuzwa tena. Kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati, neno lililo ndugu wa bahati yetu ya Kiswahili. Bahati gani hiyo jamani! Bibi mmoja aliyemmiliki aliamuru achanjwe chale mwilini, 114 kwa hesabu, kisha zikasuguliwa chumvi.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia, akakabidhiwa familia moja awe yaya wa mtoto wao. Mama wa nyumba aliposafiri, Bakhita na yule mtoto waliachwa kwa Masista wa Canossa huko Venice, na hapo akafundishwa dini. Bibi aliporudi kumchukua waende Suakin, Bakhita akakataa katakata. Hebu fikiria: msichana hana ndugu wala senti, anamkatalia bibi yake mbele ya wakubwa! Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yu huru, maana sheria ya Italia haikutambua utumwa. Tunalieleza hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani mnyenyekevu ni mtu asiyejua kusema hapana.

Alibatizwa Januari 1890, akaitwa Josephine. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa, na mwaka 1902 akapelekwa mji wa Schio. Huko alipika, alishona, alidarizi, alitunza vitu vya kanisani, tena akawekwa mlangoni. Watoto waliokuja shule aliwawekea mikono kichwani. Wenye shida waliobisha hodi aliwapokea na kuwafariji. Watu wa Schio wakamwita Mama Mweusi, kwa upendo. Miaka ikapita hivyo hivyo, na hakuna kikubwa cha kusimulia; kazi ya mlangoni ndivyo ilivyo.

Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 1931, sifa zikamfuata. Akatumwa kuzunguka Italia kuzungumzia kazi za misheni. Alikwenda kwa utii, kisha akarudi Schio.

Mwishoni aliugua muda mrefu. Katika mahangaiko yake mawazo yalimrudisha utumwani, akawa anamwomba aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwani ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, lakini watu wa Schio hawakungoja tangazo. Habari za kifo zilipoenea tu, umati ulijaa kwenye nyumba ya masista, kila mtu akitaka kumwona mara ya mwisho yule aliyekuwa akiwafungulia.