Conrad Schlumberger, profesere aliyeuliza udongo kwa umeme

Ku mashimo ya Walikale, wachimbaji wengi wanategemea jicho, uzoefu wa wenzao na bahati. Mtu anaweza kupiga mtalimbo miezi mingi, kisha anatoka mikono mitupu na deni juu. Wasomaji wetu wa Buleusa wanaijua hasara hiyo. Basi, kulikuwa profesere mmoja Mfaransa aliyejiuliza: kabla ya kuchimba, hakuna namna ya kupima kwanza kile kilicho chini?

Conrad Schlumberger alizaliwa Guebwiller, jimbo la Alsace, mwaka 1878, wakati Alsace ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Baba yake, Paul, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo. Kijana alisomea Paris, École Polytechnique, na kufika 1907 alikuwa anafundisha fizika ku École des Mines. Kazi nzuri, mshahara wa kila mwezi, heshima. Angeweza kubaki pale tu.

Lakini alichukua beseni kubwa ya kuogea, ya shaba, akaijaza mchanga, akapitisha umeme ndani na kupima. Mwaka 1912 akatoka nje, akaenda ku shamba la jamaa yake Val-Richer, Normandie. Kazi ilikuwa hivi: unapiga vyuma viwili ndani ya udongo, unapitisha umeme kati yao, halafu unatembea na chombo cha kupimia, fasi kwa fasi. Fasi zenye kipimo sawa unaziunga kwa mstari ku karatasi. Mstari ukipinda bila sababu ya juu, basi chini kuna kitu kinachopitisha umeme vizuri zaidi, ao vibaya zaidi, kuliko udongo wa pembeni. Tuseme wazi: chombo hakioni madini. Kinaona tu njia ya umeme, na ni mtu ndiye anapaswa kufikiri. Mwaka 1913, kule Bor, Serbia, njia hiyo ilionyesha shaba kweli.

Kisha vita ya 1914 ikakata kila kitu, naye akaenda jeshini.

Mwaka 1919 baba yake, mzee tayari, alifanya jambo ambalo wazazi wenye feza hawafanyi sana. Aliandikiana mkataba na watoto wake wawili, Conrad na mdogo wake Marcel, injenieri mwenye akili ya kutengeneza vyombo: angewapa mpaka franka 500.000 kwa ajili ya utafiti. Sharti lake lilikuwa moja kubwa, faida ya sayansi itangulie faida ya mfuko. Bila mzee Paul, nafikiri, beseni ile ingebaki mchezo wa profesere.

Conrad aliacha kufundisha. Mwaka 1926 ndugu hao wawili walianzisha sosiete yao, Société de prospection électrique. Vyombo walitengeneza wenyewe, na waliowatuma kupima walikuwa vijana wenye masomo. Kazi iliwapeleka mbali, hata Kongo ya Wabelgiji.

Tarehe 5 Septemba 1927, ku Pechelbronn, Alsace ile ile alikozaliwa, mkwe wake Henri Doll na wenzake waliteremsha vyombo ndani ya shimo la petroli. Walisimama kila metre, wakapima, wakaandika, wakachora kwa mkono. Mbele ya siku hiyo, kujua mawe ya chini kulihitaji kuyatoa vipande vipande, kazi ndefu na ya bei. Sasa mchoro mmoja ulitosha kuonyesha tabaka zinavyopishana.

Feza haikuja mara moja. Shida ya uchumi ya miaka ya 1930 iliwabana sana, na mikataba ya Muungano wa Sovieti ikasaidia sosiete isianguke. Conrad mwenyewe alikuwa anaenda kule mara kwa mara. Mwezi wa tano 1936, akirudi toka safari moja ya hiyo, moyo wake ulisimama Stockholm, na umri wake ulikuwa miaka 57. Marcel akashika usukani mpaka alipokufa 1953.