Soichiro Honda

Soichiro Honda (17 Novemba 1906 – 5 Agosti 1991) alikuwa fundi, mvumbuzi na mfanyabiashara wa nchini Japani. Ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Honda, ambayo ilianza kwa kufunga injini ndogo kwenye baiskeli baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baadaye ikawa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani. Hakuwa na shahada yoyote ya uhandisi.

Maisha ya awali

Honda alizaliwa katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alifungua duka la kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Mtoto alikua katikati ya vyuma, makaa na mafuta ya mashine, na tangu mapema alipendelea karakana kuliko darasa.

Shule yake ilikuwa na utaratibu wa kupeleka ripoti nyumbani ili mzazi aigonge muhuri wa familia. Soichiro, ambaye alama zake hazikuwa nzuri, alichonga muhuri wake mwenyewe kutoka kwenye mpira wa pedali ya baiskeli. Hakugunduliwa, kwa sababu herufi za jina Honda zikiandikwa kutoka juu kwenda chini zinafanana kulia na kushoto. Alipowachongea wenzake hakujua kwamba muhuri lazima uchongwe kinyume, majina yao yakatokea yamegeuka, na hapo ndipo alipokamatwa.

Alikuwa bado mdogo alipoona gari la kwanza likipita kijijini. Alilikimbilia kwa nyuma, na liliposimama akainama kunusa mafuta yaliyodondoka barabarani. Mwaka 1917 rubani Mmarekani Art Smith alikuja Hamamatsu kuonyesha michezo ya angani. Soichiro alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, ambayo ilimzidi kimo, akaenda nayo hadi uwanjani. Pesa aliyokuwa nayo haikutosha kiingilio, kwa hiyo alipanda mti na kutazama ndege kutoka huko.

Art Shokai

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji ya Art Shokai iliyomilikiwa na Yuzo Sakakibara. Kwa miezi ya mwanzo hakupewa spana bali ufagio, tena na mtoto mchanga wa tajiri wake kumbeba mgongoni. Alikaribia kukata tamaa na kurudi kwao, lakini alivumilia hadi kazi zilipozidi na mafundi wakamhitaji chini ya gari.

Tetemeko kubwa la ardhi la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 liliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Honda alisaidia kuyaondoa magari ya wateja yasiungue, na kwa mara ya kwanza akaendesha gari mwenyewe barabarani. Baada ya moto ule mafundi wengi waliondoka. Yeye alibaki na kujifunza kila kitu.

Sakakibara alipenda mashindano ya magari. Honda alishiriki kuunda gari la mbio lililofungwa injini ya ndege aina ya Curtiss, na tarehe 23 Novemba 1924 gari hilo lilishinda. Dereva alikuwa Shinichi, mdogo wake Sakakibara, na Honda mwenye miaka 18 alikaa pembeni kama fundi wa safari.

Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la Art Shokai kwa jina la bwana wake wa zamani. Huko alitengeneza magari yaliyowashinda wengine, na pia alibuni spoku za chuma za magurudumu badala ya zile za mbao, kazi iliyompatia hataza na fedha. Mwaka 1935 alimwoa Sachi Isobe. Mwaka uliofuata alishiriki mbio za magari kando ya mto Tamagawa pamoja na mdogo wake Benjiro. Gari lao liligongana na jingine, wote wawili wakarushwa nje. Soichiro aliumia, lakini Benjiro aliumia zaidi, kwenye uti wa mgongo.

Ringi za pistoni

Honda hakutaka kubaki fundi wa kukarabati vitu vya wengine. Alianzisha kampuni ya Tokai Seiki ili kutengeneza ringi za pistoni, zile pete nyembamba zinazozuia moshi na nguvu ya mlipuko visipite kando ya pistoni ndani ya silinda. Kwa macho ni kitu kidogo. Alifanya kazi usiku na mchana bila mafanikio, ringi zikatoka zikiwa ngumu na zenye kuvunjika.

Alipokwenda kuuliza katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu, mwalimu alipima ringi yake na kumwambia kwamba chuma chake kilipungukiwa silikoni. Honda hakujua hata kwamba silikoni inahitajika. Akiwa mtu mzima mwenye biashara na wafanyakazi, alijiandikisha kama mwanafunzi wa kusikiliza. Alihudhuria masomo yaliyohusu ringi peke yake na hakufanya mitihani, kwa hiyo chuo kilimwondoa bila cheti.

Hata baada ya kupata ujuzi huo njia ilikuwa ndefu. Kati ya ringi 50 zilizopelekwa Toyota kukaguliwa, 3 tu zilifaulu. Alizunguka viwanda na vyuo vya Japani kujifunza zaidi, na mwishowe Tokai Seiki ikawa inaiuzia Toyota kwa wingi. Wakati wa vita kampuni iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, Toyota ikachukua asilimia 40 ya hisa, na Honda akashushwa kutoka urais. Wanaume walipopelekwa vitani, alitengeneza mashine za kujiendesha ili kazi iweze kufanywa na wanawake wasio na uzoefu wa kiwanda.

Kiwanda kimoja kiliharibiwa na mabomu. Kingine kilianguka katika tetemeko la Mikawa la Januari 1945. Baada ya Japani kushindwa, Honda aliiuzia Toyota kilichobaki kwa yen 450,000 na kwa takriban mwaka mzima hakufanya kazi yoyote ya maana. Alijitengenezea pombe, akawaalika marafiki, akapumzika.

Kuanzishwa kwa kampuni

Mwezi Oktoba 1946 alifungua karakana ndogo mjini Hamamatsu na kuiita taasisi ya utafiti wa ufundi, jina kubwa kwa banda la mbao. Nchi ilikuwa na njaa, treni zilijaa kupita kiasi na petroli iligawiwa kwa kipimo. Honda alipata injini ndogo zipatazo 500 zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi. Alizifunga kwenye baiskeli za kawaida, na kwa tangi la mafuta la kwanza alitumia chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda joto. Petroli ilipokosekana aliichanganya na mafuta ya mizizi ya misonobari, yenye harufu kali na moshi mwingi. Sachi, mke wake, ambaye alikuwa anakwenda mbali kwa baiskeli kutafuta chakula, ndiye aliyefanyiwa majaribio ya mwanzo, akazunguka mjini huku watu wakimtazama.

Injini za jeshi zilipoisha, Honda alibuni yake mwenyewe, iliyotoka mwaka 1947 kama aina ya A. Wateja waliiita bata-bata kutokana na mlio wake, kama vile Kiswahili kilivyopata neno pikipiki. Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni ya Honda iliandikishwa rasmi kwa mtaji wa yen milioni 1, na mwaka 1949 ikatoa pikipiki yake kamili ya kwanza, Dream aina ya D, yenye injini ya sentimita za ujazo 98.

Mwaka huohuo alijiunga Takeo Fujisawa, na pengine hakuna tukio lililokuwa na uzito zaidi katika historia ya kampuni. Honda hakujua kudai madeni wala hakupenda hesabu. Walikubaliana kwamba Honda angeshughulikia mashine na Fujisawa fedha na mauzo, na kwamba hakuna mmoja wao ambaye angemrithisha mwanawe kampuni. Makubaliano hayo yalidumu miaka 24. Mwaka 1952, kwa ajili ya injini ya baiskeli iitwayo Cub, Fujisawa aliwaandikia barua wenye maduka ya baiskeli wapatao 50,000 nchini kote na hivyo akapata mtandao wa wauzaji ambao hakuna mshindani aliyekuwa nao.

Mwaka 1954 na mbio za Isle of Man

Mwaka 1952 Honda alikuwa ameagiza mashine za kiwandani kutoka Marekani, Uswisi na Ujerumani kwa yen milioni 450, fedha nyingi mno kwa kampuni changa. Mwaka 1954 mambo yaliharibika kwa pamoja. Mauzo ya Cub yalishuka, skuta mpya ya Juno ilikuwa nzito na ikapata joto kupita kiasi, na pikipiki ya Dream iliyoongezewa ukubwa wa injini ilileta malalamiko hadi ilipogundulika kwamba tatizo ni kabureta. Kampuni ilikaribia kufilisika.

Katika mwezi wa Machi wa mwaka huo mgumu, Honda alitangaza kwamba pikipiki zake zingeshindana katika mbio za TT za Isle of Man, zilizokuwa maarufu kuliko zote duniani. Alipokwenda kuzitazama mwezi Juni alishtuka: injini za Wajerumani na Waitalia zilitoa karibu mara tatu ya nguvu za zile zake zenye ukubwa uleule. Alirudi nyumbani na mizigo ya rimu, matairi, minyororo na kabureta. Nyuma yake Fujisawa alikuwa amewaomba wauzaji wa vipuri wavumilie na kuishawishi benki, na kampuni ikapona.

Ilichukua miaka mitano kabla Honda kufika kisiwani na pikipiki. Mwaka 1959, katika daraja la cc 125, Naomi Taniguchi alimaliza wa 6 na timu ikapata tuzo ya watengenezaji. Mwaka 1961 Mike Hailwood alishinda madaraja ya cc 125 na cc 250, na katika yote mawili nafasi tano za kwanza zilichukuliwa na Honda.

Super Cub

Kazi iliyoenea zaidi kuliko zote ilitoka Agosti 1958. Fujisawa alikuwa ametaka chombo ambacho mama wa nyumbani asingekionea haya, na ambacho mpeleka chakula wa mgahawa angekiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba tambi. Honda na mafundi wake waliunda Super Cub ya cc 50: fremu ya chini ambayo hata mwenye sketi aliweza kuipanda, kinga ya miguu ya plastiki, na klachi isiyohitaji kubanwa kwa mkono. Fujisawa alipotaja kwamba angeuza 30,000, wengi walidhani ni za mwaka mzima. Alimaanisha kila mwezi. Kiwanda kikubwa kilijengwa Suzuka kwa ajili yake.

Huko Marekani, ambako Honda ilifungua ofisi mjini Los Angeles mwaka 1959, pikipiki kubwa ziliharibika katika safari ndefu za kasi na ni Super Cub iliyookoa biashara. Hadi mwaka 2017 jamii ya pikipiki hizo ilikuwa imefikia milioni 100. Kwa upande wa pikipiki kubwa, CB750 ya mwaka 1969, yenye silinda nne na breki ya diski mbele, iliwaacha nyuma watengenezaji wa Uingereza.

Magari na mgogoro wa upoezaji

Serikali ya Japani ilikusudia kuzuia kampuni mpya zisiingie kwenye magari. Honda alipinga vikali, na mwaka 1963 akatoa lori dogo la T360 na gari la S500. Mwaka 1964 aliingia Formula One, na mwaka 1965 Richie Ginther akashinda nchini Meksiko.

Honda aliamini injini inapaswa kupozwa kwa hewa, bila rejeta. Mwaka 1968 dereva Mfaransa Jo Schlesser alifariki mjini Rouen akiendesha gari la mbio la Honda lililopozwa hivyo. Gari la barabarani la H1300, lililofuata njia hiyohiyo, lilikuwa zito na ghali. Mafundi vijana walitaka maji, lakini mwenye kampuni alikuwa mtu wa hasira, aliyewahi kuwapiga wafanyakazi kwa chochote kilichokuwa mkononi. Walimpa jina la utani Bwana Radi. Wakamwendea Fujisawa. Yeye alimtaka Honda aamue kama yeye ni rais wa kampuni au fundi. Honda alikubali kubaki rais, na maji yakaruhusiwa.

Matokeo yake yalikuwa injini ya CVCC, iliyotangazwa mwaka 1972, ya kwanza kutimiza sheria kali ya Marekani kuhusu moshi wa magari bila kichujio cha ziada. Honda aliiona kuwa nafasi ya kuwashinda Wamarekani. Vijana walimjibu kwamba hawakufanya kazi hiyo kwa ajili ya kampuni bali kwa ajili ya hewa ya watu wote. Baadaye alisema maneno yao yalimwonyesha kwamba fikra zake zilikuwa zimegeuka za mfanyabiashara.

Kustaafu na kifo

Mwezi Oktoba 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Urais ulikwenda kwa Kiyoshi Kawashima, fundi mwenye umri wa miaka 45 aliyebuni injini ya Dream ya mwaka 1951. Hirotoshi, mwana wa Honda, hakuingia katika uongozi. Alianzisha kampuni yake ya Mugen.

Baada ya hapo Honda alizunguka Japani kwa muda mrefu kuwashukuru wafanyakazi wa viwanda na maduka kwa kuwashika mikono. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliurudisha nyuma mkono wake kwa kuwa ulikuwa na grisi, naye akaushika hivyohivyo. Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulijaa makovu ya nyundo na mashine. Mwaka 1989 alikuwa Mjapani wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la sekta ya magari la Marekani.

Fujisawa alifariki Desemba 1988. Honda alifariki mjini Tokyo tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa ameagiza kusifanyike mazishi makubwa ya kampuni, kwa kuwa si sawa kwa mtengenezaji wa magari kuwasababishia watu foleni barabarani.