Sista Irene Nyaatha: Mfariji wa Wapagazi au Mvuvi wa Roho?

Jina la Kariokor limo midomoni mwa watu wa Nairobi kila siku, lakini wachache mno huuliza lilitoka wapi. Mtu huenda sokoni pale kununua vyondo na viatu vya ngozi, au kula nyama ya kuchoma, kisha akashika njia ya Ziwani au Pumwani, asijue kwamba ametia mguu mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza waliliita jeshi lile Carrier Corps. Ndimi za wazee wetu zikalilainisha, likawa Kariakoo, huku Nairobi na kule Dar es Salaam pia.

Katika habari za wapagazi hao limo jina la mwanamke mmoja ambalo tangu mwaka 2015 limezua mjadala katika mabaraza mengi, na baraza zetu za Majengo hazikusalimika. Huyo ni Sista Irene Stefani, mtawa wa Kitaliano ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Tarehe 23 Mei mwaka huo Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa, na aliyeongoza ibada hiyo kwa niaba ya Papa alikuwa Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Wenzetu Wakristo wakashangilia. Sisi tuliosoma chuoni, tukakaa na buli letu la kahawa, tukaulizana: mwanamke huyu aliwafanyia nini babu zetu?

Kwanza tumjue. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, akapewa jina la Aurelia Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Konsolata mjini Turin, shirika lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake na padri Giuseppe Allamano. Alikula kiapo cha utawa Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli. Alishuka Mombasa mwanzoni mwa 1915, msichana wa miaka ishirini na mitatu, akaikuta nchi imo vitani.

Vita vile havikuwa vyetu. Waingereza na Wajerumani waligombana kwao, wakaja kuumana kwetu. Magari hayakuweza kupita porini, na punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha Mwafrika. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa wakubwa uwezo wa kuwashika vijana kwa nguvu, na mwaka 1917 msako ukawa wa nchi nzima. Kwa upande wa Waingereza walitumika wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa, hata kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wanakaribia laki moja, na kwa Kenya peke yake wanahistoria wanakisia zaidi ya 40,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi waliangamizwa na kuhara damu, kichomi, malaria na njaa. Walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na usioiva sawasawa, na matumbo ya watu waliokulia vyakula vingine hayakuuweza.

Hao ndio aliokutana nao Sista Irene. Mapadri na masista wa Konsolata waliingia kazini chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu, naye akatumika Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Tusidhani hospitali zile zilikuwa na vitanda na mashuka meupe. Yalikuwa mabanda yaliyojaa watu waliolala chini, wamejichafua, wengine hawajui jina la aliyelala ubavuni mwao. Yeye aliwaosha, akawafunga vidonda, akawalisha kwa mkono wake, akakaa nao katika sakarati. Husimuliwa kwamba huko Kilwa aliwahi kwenda pwani kwenye maiti waliolazwa kungoja kuzikwa, akamkuta mmoja angali anapumua, akamrudisha.

Hapa ndipo mjadala unapoanza. Watu wa Konsolata wenyewe husema, tena kwa fahari, kwamba katika miaka ile Sista Irene alibatiza watu wapatao 3,000 waliokuwa wakifa. Kwao hiyo ni sifa kubwa kuliko dawa zote alizotoa. Kwetu sisi ni neno zito. Kilwa Kivinje na Lindi ni miji ya Waislamu tangu kale, na katika wapagazi wa pwani, wa Tanganyika na wa bara walikuwamo waliosilimu. Mtu aliye katika homa kali, ambaye hajapata tone la maji tangu asubuhi, na mkono pekee uliomgusa kwa upole ni wa sista huyu, akiulizwa kama anakubali kubatizwa, jibu lake ni la hiari au la shukrani?

Mzee mmoja wa Majengo alishikilia kwamba huo ulikuwa uvuvi, na wavu ulikuwa huruma. Mwislamu anayekufa hustahili kuelekezwa kibla, kutiwa maji mdomoni, kutamkishwa shahada taratibu, kisha kuoshwa, kuvikwa sanda, kusaliwa na kuzikwa. Waliokufa kule walikosa yote hayo, na juu yake wengine wakaandikwa katika daftari la dini ambayo huenda hawakuwahi kuijua wakiwa wazima. Hoja hii si ya chuki. Dini yetu imekataza kulazimishana katika imani, na kumpata mtu katika udhaifu wake kunakaribiana na kulazimisha.

Mwingine alimjibu kwa swali moja tu: sisi tulikuwa wapi? Baraza zima likanyamaza. Kweli, watu wa pwani wenyewe walikuwa chini ya amri ya mkoloni na vijana wao walikuwa wakishikwa. Lakini swali halikufutika. Sista Irene angeweza kubaki kwao Anfo. Alikuja, akakaa mahali ambapo madaktari wenyewe walikuwa wakikata tamaa, na huruma yake haikumchagua mtu kwa dini wala kabila.

Maoni yangu mimi ni haya. Amali hutegemea nia, nayo nia ya mtu aliyezimia haipo. Mwislamu aliyemiminiwa maji kichwani bila kujijua alikufa Mwislamu, na hesabu yake iko kwa Mola wake, haiko katika daftari la hospitali. Ama aliyekubali kwa akili timamu, huyo alichagua, nasi hatuna la kumchagulia. Kwa hiyo tuweze kukataa lile la ubatizo bila ya kuukana ukweli wa maji ya kunywa. Kumtendea haki mtu usiyekubaliana naye ni katika mafundisho tuliyopewa utotoni.

Tena hasira yetu tuielekeze panapostahili. Sista Irene hakuwashika vijana wale, wala hakuwapikia unga mbichi. Waliofanya hivyo ni watawala. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa, ambao jamaa zao hawakutafutwa wakajulikana, haikulipwa, wakati ilikuwa rupia chache tu kwa mwezi. Badala yake zikasimamishwa sanamu katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Shaba haimlishi mjane.

Baada ya vita Sista Irene alikwenda Gikondi, Nyeri, mwaka 1920, akakaa huko miaka kumi. Alifundisha watoto, akapanda na kushuka vilima vya Mukurweini akiwatafuta wagonjwa na wazazi wa kike majumbani mwao. Jina la Nyaatha alipewa huko, na waliompa walikuwamo watu wasiokuwa wa kanisa lake. Mwaka 1930 iliingia tauni. Akamuuguza mwalimu mmoja mpaka akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba 1930, umri wake miaka thelathini na tisa. Mwenye kuvua roho kwa faida yake mwenyewe hafi hivyo.

Kanisa lilimtangaza kwa sababu ya muujiza unaosemwa ulitokea Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, ambapo watu waliojifungia kanisani wakati wa vita walimwomba Nyaatha, na maji ya kisima cha ubatizo yakawatosha. Hayo ni ya wanaoyaamini.

Mjadala kama huu umempata pia Mama Teresa wa Calcutta, aliyefariki mwaka 1997, ambaye masista wake wana nyumba papa hapa Huruma. Naye alilaumiwa kwamba nyumba yake ya wanaokufa iliwahesabu roho kabla ya kuwatibu miili, naye alitetewa kwa swali lilelile la mzee wetu: wengine walikuwa wapi? Naona swali hili litarudi kila panapokuwa na mtu anayekufa peke yake na jirani aliyejifungia mlango.

Ndugu msomaji, katika vyumba vya Majengo, Shauri Moyo na Huruma wamo wazee waliotoka pwani ujanani, wasio na mtoto wala jamaa mjini. Mtu akifa, jamaa zetu ni hodari wa kuchangia sanda na kubeba jeneza mpaka makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Hilo ni jema, lakini limekuja baada ya roho kutoka. Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu angali hai. Tukiitimiza haki hiyo, hatutakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyempa maji ya mwisho na kwa masharti gani.

Na kwa wale wa Kariakoo: sala ya maiti asiyekuwapo ina masharti yake katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na miaka imekuwa mingi, lakini dua haifungwi na miaka. Anayepeleka maiti Kariokor, baada ya kumwombea wake, awaombee na wale waliokwenda na mzigo kichwani wasirudi.