Peter Mark Roget: Mpangaji wa Visawe Aliyenusurika Kifungo

Peter Mark Roget (1779–1869) alikuwa tabibu na mwanasayansi wa Uingereza, lakini jina lake limedumu kwa sababu ya kitabu kimoja: kamusi ya visawe vya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1852. Anayetafuta humo maneno ya kuondoka ghafla au kukimbia hatari huyakuta mengi, na huenda asijue kwamba aliyeyapanga aliwahi kuyapitia mwenyewe.

Alizaliwa London tarehe 18 Januari 1779. Baba yake, Jean Roget, alikuwa mchungaji mzaliwa wa Geneva aliyewahudumia Waprotestanti wa Kifaransa jijini humo. Mama yake, Catherine, alikuwa dada wa mwanasheria mashuhuri Samuel Romilly. Baba alifariki Peter akiwa na umri wa miaka 4. Tangu utotoni alikuwa na mazoea ya kuandika orodha za maneno na kuyagawa kwa mafungu. Alianza masomo ya udaktari Edinburgh akiwa na miaka 14, akahitimu mwaka 1798 kabla hajatimiza miaka 20.

Mwaka 1802 Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa amani wa Amiens, na njia za Ulaya zikafunguka kwa wasafiri. Tajiri mmoja wa viwanda vya pamba wa Manchester, John Philips, alimwajiri Roget awe mwalimu na mwangalizi wa wanawe wawili katika safari ya masomo. Walipita Paris, wakafika Geneva, mji ambao tangu 1798 ulikuwa chini ya Ufaransa. Mwezi Mei 1803 vita vilizuka upya. Napoleon akaamuru wanaume wote wa Kiingereza wenye umri wa miaka 18 hadi 60 waliokuwa katika ardhi yake wakamatwe.

Roget alikuwa na njia moja tu ya kujinasua: asili ya baba yake. Alitafuta ushahidi wa ukoo, akapata hati ya kumtambua kuwa raia wa Geneva. Vijana wa Philips hawakuwa na asili hiyo. Ilibidi safari iwe ya siri, kwa mavazi ya kimaskini na kupitia vijiji visivyo na macho mengi, huku wakijizuia kabisa kusema Kiingereza. Hatimaye walivuka mto Rhine na kuingia nchi za Wajerumani, na kabla mwaka haujaisha walikuwa nyumbani. Mtu ambaye baadaye angekusanya maneno ya Kiingereza kwa maelfu aliokolewa siku zile kwa kutotamka hata moja. Rafiki yake Lovell Edgeworth hakuwa na bahati hiyo. Alikamatwa na kubaki kizuizini Ufaransa hadi 1814.

Mwaka 1804 Roget akawa tabibu katika hospitali ya Manchester, na mwaka uliofuata akaanza orodha ya maneno yaliyopangwa kwa maana ili imsaidie katika uandishi wake. Mwaka 1808 alihamia London. Huko alibuni aina mpya ya rula ya kukokotolea, akachaguliwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1815, na kuwa katibu wake kuanzia 1827 hadi 1848. Misiba nayo haikumwacha. Mwaka 1818 mjomba wake Romilly alijiua siku chache baada ya kufiwa na mke, na mwaka 1833 Roget mwenyewe alifiwa na mkewe, Mary, akaachiwa watoto wawili.

Alipostaafu, akiwa na umri wa karibu miaka 70, aliirudia orodha yake ya ujanani. Kamusi iliyozaliwa haikupanga maneno kwa alfabeti, wala haikutoa fasili. Iliyagawa katika matabaka sita: mahusiano dhahania, nafasi, maada, akili, utashi na hisia. Katika mpango huo, kuondoka kumewekwa kwenye tabaka la nafasi, kwa kuwa ni mwendo wa kutoka mahali. Kutoroka kumewekwa kwenye tabaka la utashi, jirani na kuokolewa, kwa kuwa kiini chake si mwendo bali nia ya anayekimbia na hatari anayoikimbia.

Tofauti hiyo ndiyo inayomfaa mfasiri. Neno la Kiingereza abscond lina asili ya Kilatini yenye maana ya kujificha, na humhusu anayekwepa sheria au deni. Decamp lilianzia kwa askari wanaong'oa kambi. Elope humhusu anayetoroka na mpenzi ili wakafunge ndoa. Escape lenyewe husemwa kuwa lilitokana na picha ya mtu aliyeachia joho lake mikononi mwa mkamataji. Kuyafasiri yote kwa kukimbia ni kupoteza nusu ya habari.

Kiswahili nacho kina mizani yake. Kuondoka hakumlaumu mtu. Kutoroka hudokeza kwamba yupo mwenye mamlaka aliyeachwa bila ruhusa. Kuponyoka ni kuchopoka mkononi mwa aliyekwisha kushika. Kukwepa ni kuepa kabla ya kushikwa, na kunusurika ni kupona hatari, hata kwa asiyepiga hatua. Safari ya 1803 yaweza kusimuliwa kwa vitenzi vyote hivi, na kila kimoja kikabadilisha hukumu. Kwa maofisa wa Napoleon, Waingereza wale walitoroka. Kwa Roget mwenye hati mkononi, yeye aliondoka na vijana aliwatorosha. Kwa mama yake aliyekuwa akingoja Uingereza, wote watatu walinusurika.

Roget aliendelea kurekebisha kitabu chake hadi uzeeni. Alifariki West Malvern tarehe 12 Septemba 1869, akiwa na umri wa miaka 90. Kazi ya uhariri aliirithi mwanawe John Lewis Roget, na baada yake mjukuu, Samuel Romilly Roget.