MZEE OJWANG: MKIKUYU ALIYEVAA ULIMI WA MJALUO

Mtaje Benson Wanjau mbele ya watu wa makamo wa Thika au Ruiru, na huenda wengi wakakuna kichwa. Mtaje Mzee Ojwang Hatari, na watacheka kabla hujamaliza. Jina la mchezo lilikuwa limemeza jina alilopewa na wazazi wake.

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mtu aliyemwigiza alikuwa mzee wa Kijaluo, kofia kichwani na miwani machoni, mwingi wa amri nyumbani na mwepesi wa kushindwa na mkewe. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Kijaluo hakina sauti ya sh, basi shamba huwa samba. Kikuyu nacho hakina l, na wasemaji wake huivuta kwenye r. Wanjau alilazimika kuficha alama za ulimi wa mamake na kuvaa za jirani, na yote hayo ndani ya Kiswahili, lugha ya tatu. Wajaluo wenyewe walimsikiliza, na wengi wakadhani ni ndugu yao.

Umaarufu wake ulitokana hasa na Vitimbi, mchezo ulioanza enzi za Sauti ya Kenya, shirika lililogeuka KBC mwaka 1989. Alionekana pia katika Vioja Mahakamani. Katika Vitimbi mkewe alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, naye ni Mluhya. Watazamaji wengi waliamini kuwa hao ni mtu na mkewe kweli.

Tukumbuke hali ya siku hizo. Hadi mwaka 1990 Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, na mwenye chombo hicho alikuwa na wageni kila jioni. Katika miji kama Thika yenye viwanda, na Ruiru iliyozungukwa na mashamba ya kahawa, wafanyakazi walikuwa wa makabila mengi. Mchezo kama huo uliwakutanisha mbele ya kioo kimoja, kila mmoja akicheka lafudhi ya mwenzake na hatimaye yake mwenyewe.

Kicheko hicho kilikuwa na uzito. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini, na jina au lafudhi ya mtu ikatosha kumfukuzisha nyumbani. Mkikuyu huyu alikuwa ameishi miaka na miaka katika jina la Kijaluo, akapendwa na pande zote mbili.

Lakini mapenzi hayajazi kapu. Mwaka 2012, macho ya mzee yalipofifia, ilibidi wananchi wachange ili atibiwe. Uso uliojulikana nchi nzima haukuwa na akiba ya kulipia miwani ya uzeeni, sembuse daktari. Alifariki katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Ojwang alicheza kwao kwa zaidi ya miaka thelathini, na tuzo ikamfikia akiwa haoni vizuri anayeitoa. Wapo wengine wanaotuchekesha leo hii. Tusingoje wafifie macho.